Sura ya Tano: Kati ya Kioo na Maji

Makumbusho yaliyojengwa kando ya bandari yana jambo moja ambalo makumbusho ya katikati ya mji hayana, nalo ni kwamba kitu kilichofungiwa ndani ya kabati la kioo aghalabu kina ndugu yake nje, majini, ambaye hajastaafu. Mtungi uliosafiri ndani ya merikebu miaka 300 iliyopita una jamaa yake katika dumu la plastiki linalopakiwa mashuani asubuhi ya leo, kamba ya makumbi iliyokauka ina mwenzake wa nailoni aliyefungwa gatini, na picha ya chombo chenye tanga la pembe tatu inaweza kulinganishwa na tanga lenyewe, ikiwa siku ni njema na pepo zimekubali. Mtu mzima huweza kupita vyumba vyote vya makumbusho bila ya kutazama nje hata mara moja, kwa kuwa amezoea kusoma maelezo ya kibaoni na kutosheka nayo. Mtoto hasomi hivyo, maana yeye hukiamini kitu kwanza kwa macho, mikono na miguu, kisha ndipo akubali kuelezwa. Hoja ya sura hii, basi, ni nyepesi kuitaja ingawa ni nadra kufuatwa: mtoto anayepelekwa katika makumbusho ya bandarini aanzie majini, na kila anapoingizwa ndani kuona kitu, atolewe tena nje akamtafute ndugu wa kitu hicho.

Mfano utakaotumika hapa ni Fort Jesus ya Mombasa. Msomaji mkali anaweza kupinga kwamba hiyo ni ngome wala si makumbusho ya bahari, na kwa jina tu atakuwa na haki; lakini jengo hilo liliwekwa pale kwa ajili ya mlango wa bahari unaoingia Bandari ya Kale, likazingirwa kutoka baharini, likaokolewa mara na kupotea mara kwa sababu ya merikebu zilizofika au zilizochelewa, na sehemu kubwa ya vitu vinavyoonyeshwa ndani yake vilikuja kwa maji au vilitolewa ndani ya maji. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu mzaliwa wa Milano aliyekuwa akiutumikia utawala wao wa India, na kazi ikakamilika kwa sehemu kubwa mwaka 1596. Baada yao walikuja Waomani, kisha Mazrui waliotawala Mombasa hadi 1837, kisha Busaidi wa Zanzibar, na Waingereza wakaigeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Tarehe hizi ni mzigo wa mzazi au mwalimu, si wa mtoto. Mtoto wa miaka minane aliyemiminiwa miaka saba mfululizo langoni atakuwa ameisahau yote kabla hajafika uani, na kibaya zaidi, atakuwa amejifunza kwamba historia ni kitu cha kusimama juani na kusikiliza.

Kwa hiyo ziara ianzie nje, ufukweni chini ya ngome, na somo la kwanza liwe maji yenyewe. Mombasa ni kisiwa, na mikono ya bahari inayokizunguka ni miwili: ule wa mashariki, ambao ndio Bandari ya Kale, na ule wa kusini na magharibi, ambao ni Kilindini. Jina la pili linajieleza, kwa kuwa kilindi ni mahali penye maji ya kina kirefu, na ni kina hicho ndicho kilichozivuta meli kubwa za chuma upande huo, zikauachia upande wa ngome majahazi na mashua. Mtoto akielewa jina hilo moja ameelewa sababu ya bandari kuhama, jambo ambalo vitabu vya shule hulitumia ukurasa mzima. Kisha aonyeshwe alama ya maji kwenye mwamba, yaani ule mstari ambapo jiwe jeusi lenye majani na chaza linakutana na jiwe jeupe kavu, maana mstari huo ni kipimo cha kujaa na kupwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti baina ya maji makuu na maji makavu katika mwambao huu hufika kiasi cha mita tatu, ambayo ni zaidi ya urefu wa mlango wa nyumba. Siku za maji mafu, katikati ya vipindi hivyo, tofauti hupungua sana. Mzazi anayepanga ziara atafanya vyema kuchagua siku ya bamvua na kufika maji yakiwa yanatoka, ili atakapomaliza kuzunguka ngome baada ya saa mbili au tatu mtoto aone kwa macho yake kwamba bahari imeondoka mahali ilipokuwa.

Upepo nao hauna budi kutajwa hapo ufukweni, kwa sababu bila ya upepo hakuna kitu hata kimoja ndani ya ngome kinachoweza kuelezeka. Kaskazi, upepo unaovuma kutoka upande wa jina lake takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ndio uliovileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na pwani ya India. Kusi, unaoshika nafasi yake kuanzia Aprili na kuendelea katikati ya mwaka, ndio uliovirudisha. Nahodha aliyechelewa kuondoka kabla pepo hazijageuka alilazimika kungoja msimu mzima, na kungoja huko ndiko kulikozaa ndoa, maduka, madeni, misikiti na maneno. Mtoto hahitaji kuambiwa yote haya. Inatosha apewe ukanda wa karatasi aushike juu, autazame unaelekea wapi, na aulizwe ikiwa leo angekuwa na jahazi lisilo na mashine angeweza kwenda Lamu au Tanga.

Jambo la pili la kufanywa nje ni kuvipa vyombo majina. Vibao vya makumbusho kwa kawaida ni vifupi na havikuandikwa kwa ajili ya mtoto, na hapa mzazi wa Kiswahili ana hazina ambayo mgeni hana, kwa sharti kwamba ameirithi kabla haijapotea. Sehemu ya mbele ya chombo ni omo na ya nyuma ni tezi. Mti mrefu unaolala chini toka omo hadi tezi, ambao chombo kizima kimejengwa juu yake, ni mkuku. Mbavu zinazopanda kutoka mkukuni kushikilia mbao za ubavuni ni mataruma. Mti uliosimama ni mlingoti, na ule uliolazwa juu yake kubeba tanga ni foromali. Chini kabisa, ndani, mahali ambapo maji yanayovuja hujikusanya na baharia huyafuata kuyafua, ni ngama. Mtoto akishayajua maneno matatu tu kati ya hayo anaweza kupewa methali ambayo huenda ameisikia bila ya kuielewa, kwamba kuenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nayo itamfungukia kama kitendawili, kwa kuwa ataona mtu akitembea mbele na nyuma juu ya chombo na mwisho akishuka kule kule chini kwenye maji machafu. Lugha ya kila siku imejaa mabaki kama haya. Anayesema mambo yamekwenda mrama anazungumzia chombo kinachoyumba katika mawimbi, na anayesema amepwelewa anazungumzia mashua iliyoachwa na maji juu ya mchanga, ambayo haina la kufanya isipokuwa kungoja saa sita. Watoto wa mjini husema maneno haya bila ya kujua kwamba yana harufu ya chumvi.

Nje ya ngome imewekwa mizinga miwili ambayo wageni wengi huipita haraka wakidhani ni ya Wareno. Sivyo, umri wake haulingani kabisa na ule wa kuta. Mmoja ulitoka katika manowari ya Kiingereza Pegasus na mwingine katika manowari ya Kijerumani Königsberg, na kisa kinachoziunganisha ni kifupi kiasi cha kutosha kusimuliwa mtoto akiwa ameegemea chuma. Tarehe 20 Septemba 1914 Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja ikitengenezwa mitambo yake, Königsberg ikaizukia alfajiri na kuizamisha. Kisha yenyewe ikajificha katika delta ya Rufiji, miongoni mwa mikoko, hadi ilipoangamizwa huko tarehe 11 Julai 1915. Mizinga ya zote mbili iliopolewa na kupelekwa kupigana nchi kavu, pande zile zile mbili zilizopigana majini. Kuiona sasa imewekwa mahali pamoja kama wazee wawili waliokosana ujanani ni jambo ambalo watoto hulichekea, nalo linafaa pia kwa somo gumu zaidi, kwamba vitu vilivyokusanywa katika uwanja mmoja si lazima viwe vya zama moja.

Ukuta wenyewe ni maonyesho. Ngome imejengwa juu ya mwamba wa matumbawe, na sehemu fulani za kuta zake hazikujengwa bali zilichongwa, yaani mafundi walikata mwamba kwenda chini mpaka ukabaki umesimama kama ukuta, wakaendelea juu yake kwa mawe na chokaa. Matumbawe ni mifupa ya viumbe vidogo vya baharini waliojengana maelfu ya miaka, na kwa kuwa mwamba huu ulikuwa chini ya bahari enzi ambapo maji yalikuwa juu zaidi, mtoto anayeweka pua yake karibu na jiwe ataona mistari, vitundu kama vya sega la nyuki na pengine vipande vya makombe. Ni vizuri asimame hapo kwa dakika tano nzima. Kisha apelekwe kwenye buruji, yaani ile pembe ya ngome inayochomoza nje ya mstari wa ukuta, afanye jaribio lisilohitaji maelezo: mtoto mmoja asimame nje chini ya ukuta ajaribu kujificha, mwenzake akiwa juu pembeni pamoja na mtu mzima amtafute kwa macho. Atagundua kwamba ukuta ulionyooka una mahali pa kujibanza chini yake, lakini pembe iliyochomoza huutazama ukuta kwa ubavu, na hakuna pa kujificha. Hiyo ndiyo siri nzima ya ngome za karne ya 16, ambazo zilibuniwa Italia baada ya mizinga kuzifanya kuta ndefu nyembamba kuwa kazi bure. Kingo za juu hazikujengwa kwa ajili ya watoto, na mkono wa mtu mzima usiwe mbali.

Ndani, pahali ambapo watoto hukaa kwa hiari yao bila ya kusukumwa ni mbele ya michoro ya ukutani. Wanajeshi na mabaharia wa Kireno waliowekwa zamu katika ngome walichora kutani kwa makaa na ngeu, ambayo ni udongo mwekundu kama ule ambao maseremala huutumia kutia mstari kwenye ubao, na sehemu ya michoro hiyo ilihifadhiwa na kuonyeshwa. Kuna merikebu, kuna watu, kuna wanyama. Merikebu zimechorwa na watu waliozijua, kwa maana kamba na milingoti imewekwa mahali pake na tanga limepewa umbo la tanga lililoshika upepo, ilhali watu wamechorwa vibaya kama watu wanaochorwa na mtoto yeyote. Mwangalizi makini atakubali kwamba hakuna kitu ngomeni kinachomweleza mlinzi wa zamu vizuri zaidi ya hapo: kijana aliyetupwa mbali na kwao, joto limemshika, hana kazi mpaka adui atokee, na jambo analolijua kwa mkono wake ni kile chombo kilichomleta na ambacho angetamani kimrudishe. Mtoto ambaye juzi aligombezwa kwa kuchora ukuta wa sebuleni ataitambua hali hiyo mara moja. Makumbusho machache duniani humpa mtoto ushirika wa namna hiyo na askari wa miaka 400 iliyopita, na mzazi mwenye busara atakaa kimya hapo aache picha zifanye kazi.

Upande wa bahari iko njia iliyochimbwa ndani ya mwamba, inayojulikana kama Njia ya Matao, ambayo iliwawezesha waliomo kupokea watu na vyakula kutoka mashuani bila ya kupitia lango la nchi kavu. Ni mahali pa kusimulia mazingiwa makuu, yaani kule kuzungukwa kwa ngome na jeshi la Waomani kulikoanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698, muda wa takriban miezi 33. Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kama vita vya Wareno na Waarabu, na kusimuliwa hivyo ni kuwadhulumu wenyeji. Waswahili walikuwa pande zote mbili. Katika mwaka wa pili, tauni ilipokuwa imewamaliza Wareno na kamanda wao naye amefariki, aliyebaki akiishikilia ngome mpaka msaada ukafika Septemba 1697 alikuwa Bwana Daud, mwana wa ukoo wa watawala wa Faza katika visiwa vya Lamu, pamoja na wapiganaji wa pwani waliokuwa na ugomvi wao wenyewe na waliokuwa nje. Watoto hupenda kujua ni nani mwema na ni nani mbaya. Hapa jibu la kweli ni kwamba waliomo ndani ya ukuta walikuwa na njaa, na waliokuwa nje nao walikuwa na sababu zao. Waulizwe, wakiwa wamesimama kwenye njia hiyo nyembamba, kila siku watu mia wangehitaji maji kiasi gani, kisha waonyeshwe kisima na birika.

Msaada uliofika ulikuja na merikebu, na moja kati ya hizo haikuondoka tena. Santo António de Tanna ilikuwa frigeti, neno linalotaja manowari nyepesi ya matanga yenye mwendo wa kasi, iliyoundwa Bassein, kaskazini ya mji ambao leo ni Mumbai, karibu mwaka 1681, kwa mbao za India na mikono ya mafundi wa huko. Ilifika Mombasa mara ya kwanza mwishoni mwa 1696, ikarudi tena mwaka uliofuata, na Oktoba 1697, ikiwa imefungwa chini ya ngome ndani ya masafa ya mizinga ya adui, iliponyoka kwenye kamba zake, ikapanda mwamba, na mwisho ikazama mbele ya kuta zile zile ilizokuja kuziokoa. Ikalala hapo. Majahazi yalipita juu yake kila msimu kwa zaidi ya miaka 260, hadi mabaki yake yalipotambuliwa na wapiga mbizi mwaka 1963. Kati ya 1977 na 1980 wataalamu wa Taasisi ya Akiolojia ya Bahari yenye makao yake Texas, wakishirikiana na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na wakiongozwa na Robin Piercy, waliichimba, ikiwa na maana kwamba waliondoa mchanga na matope polepole chini ya maji, wakapima na kuchora kila ubao mahali ulipo kabla ya kukigusa chochote. Vyombo vya kauri vya Kichina, mitungi, risasi za mizinga na vitu vya matumizi ya mabaharia vilitolewa, na vingine vinaonekana leo katika makumbusho.

Lakini merikebu yenyewe haikutolewa. Ilipimwa, ikachorwa, ikafunikwa tena. Mtoto atauliza sababu, na swali hilo ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote yanayoweza kuulizwa katika ziara hii, kwa kuwa jibu lake linafungua kazi nzima ya uhifadhi. Ubao uliokaa majini karne tatu umepoteza sehemu ya kile kilichoupa nguvu, na nafasi zilizobaki wazi ndani yake zimejazwa na maji. Ukitolewa na kuachwa juani hunywea, hujikunja na kupasuka. Hakuna haja ya maabara kulionyesha jambo hili. Kipande cha muhogo mbichi kilichomenywa na kuanikwa juu ya bati siku tatu, kama wanavyofanya watengenezaji wa makopa, kitapungua, kitapinda na kitaingia nyufa mbele ya macho ya mtoto, na muhogo huo ndio ubao wa Santo António. Wasweden waliokuwa na fedha na subira walilikwepa tatizo hilo kwa merikebu yao Vasa, iliyozama katika bandari ya Stockholm tarehe 10 Agosti 1628 katika safari yake ya kwanza kabisa na kuinuliwa tarehe 24 Aprili 1961: waliinyunyizia dawa ya jamii ya nta iyeyukayo majini kwa miaka 17, ili dawa ishike nafasi ya maji ndani ya mbao, na hata sasa wanalazimika kuulinda unyevu wa hewa ya jumba lake mchana na usiku. Kwa bandari yenye joto na bajeti ya Mombasa, matope ya bahari yalikuwa ghala salama zaidi.

Kuna sababu nyingine iliyoipa Vasa bahati, nayo inamrudisha mtoto nje. Bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo, na kiumbe anayetoboa mbao za vyombo, ambaye kwa umbo ni kama mnyoo ingawa kwa nasaba ni jamii ya chaza, hastawi humo. Katika maji ya joto yenye chumvi kama yetu anastawi sana, na sehemu za Santo António ambazo hazikufunikwa na matope aliziteketeza. Mafundi wa mwambao walimjua adui huyu kwa karne nyingi na wakamtengenezea dawa: deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, hupakwa sehemu ya chombo inayokaa chini ya maji, ikaushike ubao kama koti jeupe. Sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake mtoto hataisahau. Na nafasi kati ya ubao na ubao huzibwa kwa kalafati, utambi wa pamba uliotiwa mafuta na kupigwa kwa patasi mpaka ukakaza. Palipo na chombo kilichopandishwa mchangani kwa matengenezo, iwe ni Mombasa, Lamu au Nungwi, mtoto aruhusiwe, fundi akikubali na baada ya kusalimiwa ipasavyo, kupitisha kidole kwenye mshono uliozibwa na kuugusa ule weupe wa chini. Akirudi mbele ya kabati la kioo hatauona ubao uliotobolewa kama takataka ya kale.

Linalokosekana Fort Jesus linaweza kutafutwa kwingine. Makumbusho ya Lamu, ambayo jengo lake linaitazama gati moja kwa moja, yana mifano midogo ya vyombo iliyotengenezwa kwa uangalifu, ukiwemo mtepe, chombo kisichokuwa na msumari hata mmoja, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba. Mtepe wa mwisho uliacha kusafiri mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa mtoto, wazo la kushona merikebu ni la kustaajabisha kuliko mzinga wowote, na lina mantiki yake, kwani chombo kilichoshonwa hulegea kidogo kinapogusa mchanga badala ya kuvunjika. Zipo pia, katika jengo hilo la Lamu, siwa mbili, yaani pembe kubwa za kupulizwa, ile ya pembe za ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, ambazo hazihusiani na ubaharia ila kwa kuwa utajiri uliozinunua ulipita baharini. Unguja ilikuwa na mtepe wa kiasi kikubwa, uliojengwa upya kwa ajili ya maonyesho ndani ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Kuhusu mpango wa siku yenyewe hayapo mengi ya kusemwa. Jiwe la matumbawe hurudisha joto, kwa hiyo asubuhi ni bora kuliko mchana, na viatu vilivyofungwa ni bora kuliko ndara. Vitu vitatu vilivyotazamwa vizuri vinatosha mtoto wa chini ya miaka kumi. Kosa la wazazi wengi ni kutaka kuilipa tikiti kwa kupita kila chumba. Kiongozi wa wageni mwenye kuijua kazi yake ni wa thamani kubwa, bora aombwe mapema aruke orodha ya magavana. Na palipo na babu au nyanya aliyewahi kusafiri kwa jahazi, ndiye apewe nafasi ya kuzungumza, hata akikosea mwaka.

Baada ya hapo watoto warudishwe ufukweni walikoanzia. Maji yatakuwa yametoka, mstari mweusi kwenye mwamba utakuwa juu ya vichwa vyao, na mashua iliyokuwa ikielea asubuhi huenda imelala ubavu juu ya mchanga, imepwelewa. Mwenye kuwaongoza aelekeze kidole mahali ilipozama Santo António. Hapana alama yoyote, wala boya, ila maji ya rangi ile ile. Baadhi ya watoto watatazama kwa muda mrefu. Mwingine atachukua kijiti aanze kuchora mchangani merikebu yenye omo, tezi na foromali iliyopinda, na kuna muda wa kutosha kuimaliza kabla maji hayajaanza kujaa.